Ungo Mbele ya Dirisha

Mwalimu aliniita shuleni, nikaenda na kichanga mgongoni.

"Mama, binti yako arudie darasa la pili. Kila lori likipita kwenda mpakani Nakonde, shingo iko dirishani. Hana akili ya darasa."

Nilirudi nyumbani nikijiuliza. Mtoto anayechambua maharage ya bibi yake wa Isansa haraka kuliko mimi, leo hana akili?

Mdogo wangu wa kiume alikuwa likizo, anasoma ng'ambo. Nikamsimulia, akacheka.

"Dada, hata mimi nimewahi kuwa hivyo. Chuoni nilijitolea kwenye utafiti. Wanakuwekea kichwani kidude cha sumaku, kama vitumbua viwili vilivyogandana. Kinagonga ta! ta! Kikigusa sehemu fulani, kidole kinaruka chenyewe kama mguu wa kuku aliyechinjwa."

"Na ukakaa tu, mjinga wewe?"

"Hakiumi. Wanakupa kazi utafute duara kwenye kompyuta, pembeni kinawaka kitu chekundu cha kukuvuruga. Wanatafuta ni wapi ubongo unapofanyia kazi ya kupuuza. Sumaku ikigonga hapo, macho yangu hayo kwenye chekundu."

"Kwa hiyo kupuuza ni kazi?"

"Kazi kabisa."

Sumaku sikuwa nayo. Nyungo ninazo mbili. Kesho yake nikazijaza maharage yenye vijiwe, nikaingia ofisi ya walimu na binti yangu.

"Mwalimu, shindana naye kuchambua. Akishindwa, arudie. Sitasema neno."

Walimu wenzake wakapiga meza. "Kubali! Au unamwogopa mtoto wa la pili?"

Akakubali. Nikampa kiti kinachotazama barabara. Binti yangu nikamgeuzia ukutani. Lori la kwanza likapiga honi, mwalimu akainua macho. La pili, akainua tena. La tatu lilikuwa limebeba matrekta mapya mekundu, hata mimi nilitazama. Binti yangu alikuwa ameshamaliza.

"Umenionea!" mwalimu akalalamika. "Umeniweka dirishani!"

"Mwanangu umemweka dirishani tangu Januari."

Wenzake wakaangua kicheko. Kisha yeye mwenyewe akaanza kucheka, akacheka mpaka akavua miwani.

"Haya, mama. Kesho anakaa mbele, ubavuni kwangu. Nisipomuona anabadilika, tutaongea tena."

Hatukuongea tena. Mwisho wa mwaka alivuka kuingia la tatu.

Ila siku ile binti yangu hakusikia hata moja la maneno yetu. Alikuwa ameshauvuta ungo wa mwalimu, anauchambua upya.

"Mama, huyu ameacha vijiwe saba."