Bibi Stakabadhi na Neno la Kijani

Wenzake walimwita Bibi Stakabadhi, na hawakumwita hivyo kwa mapenzi. Yeye ndiye aliyeandika programu za hospitali ile, na kwa miaka tisa aling'ang'ania jambo moja lililowachosha wote: ujumbe usio na stakabadhi si ujumbe.

Majibu ya damu yalitoka kwenye kompyuta ya maabara, yakapanga foleni, yakasafirishwa hadi wodini. Muuguzi alipoyafungua ndipo neno "Imepokelewa" liliporudi maabara. Lisiporudi, ujumbe ulitumwa tena na tena, kama mtoto anayeomba maji. Wauguzi wakalalamika kwamba kompyuta inawapigia kelele. Basi Bibi Stakabadhi akiwa likizo, mkuu mpya wa kitengo akaifuta stakabadhi na kuweka neno moja la kijani, "Imetumwa". Kila mtu akashusha pumzi.

Aliporudi alikuja juu. Alimweleza mkuu kwamba njia ya mtandao ikisema sawa, maana yake mzigo umefika getini tu. Kama ndani hakuna aliyeupokea, njia haijui wala haijali. Mkuu akamwambia anakuza mambo, tena mbele ya watu, na watu wakacheka.

Mwezi wa pili baada ya hapo, mjomba wa Bibi Stakabadhi, aliyemlea tangu akiwa darasa la tatu, akalazwa kwa kidonda cha mguu. Dawa aliyopewa ilikuwa kali, kwa hiyo damu ilipimwa kila baada ya siku tatu kuona kama figo zinaistahimili. Jumanne majibu yakatoka mabaya. Maabara wakabonyeza, kijani kikawaka. Dakika ileile kompyuta ya wodi ilikuwa inazimwa na kuwashwa upya. Ujumbe ukapokelewa getini, ukapotea ndani, na dawa ikaendelea.

Ijumaa mzee aliamka amevimba uso. Maabara wakasema tulituma, wodi wakasema hatukupata, na wote walisema kweli. Hilo ndilo lililomchoma Bibi Stakabadhi rohoni: ukweli mtupu pande zote mbili, na katikati yake figo za mtu zimekufa. Sasa mjomba anaunganishwa na mashine ya kusafisha damu mara tatu kwa wiki. Utani haujamwisha.

"Mpwa wangu," alimwambia, akimwonyesha mrija mkononi, "stakabadhi yako mimi ninayo hapa."

Bibi Stakabadhi hakucheka. Alitoka wodini, na kwenye korido akakutana na mkuu, amevaa uso wa msibani.

"Pole sana, dada. Nilikutumia ujumbe wa kuomba radhi tangu Jumamosi. Hukujibu, nikajua umekasirika."

Akamwambia hajapata ujumbe wowote. Mkuu akatoa simu yake haraka, kama mtu mwenye ushahidi, akamkabidhi asome. Radhi ilikuwepo, ndefu na ya heshima, imeelekezwa kwenye namba ambayo Bibi Stakabadhi aliacha kuitumia mwaka jana. Chini yake palikuwa na neno moja.

"Naona," alisema Bibi Stakabadhi. "Imetumwa."

Alisema polepole, na mkuu akainamisha kichwa, maana sasa alikuwa ameelewa. Kuelewa kwake hakukumpoza Bibi Stakabadhi hata kidogo. Alimrudishia simu, akaingia ofisini, akafunga mlango na kuanza kuirudisha stakabadhi, bila kumwomba mtu ruhusa.