Kopo la Samli Kule Shabahani

Mjukuu wangu wa kike ana medali ya kulenga shabaha kwa bastola. Anapigia ndani ya jumba la hewa baridi, masikio kayaziba, miwani usoni, mwalimu pembeni. Hodari, mashaallah, damu yangu hiyo. Lakini asidhani yeye ndiye wa mwanzo. Miye nilipiga bastola Darsait wakati Darsait ni vibanda na mbuzi, na medali sikuitaka. Nilitaka niachiwe nyumba yangu.

Ilikuwa kama miaka miwili tangu tutoke Unguja kukimbilia Arabuni. Mume wangu kaenda Kuwait kutafuta kazi, kaniacha na watoto watatu na bastola yake chini ya godoro. Nilikuwa nimechoka uchovu wa mifupani. Maji ya kisima asubuhi, maji jioni, na baina yake kushona kofia mpaka macho yanawasha.

Akaja shemegi yangu, kaka wa mume wangu, kutoka Ibra, mji wa ukoo wao. "Funga mizigo," kasema. "Nyumba haikai bila ya mwanamme. Mtakaa kwa mama."

Kwa mama yao nilishakaa tulipofika. Nilipika kwa ukoo mzima, na watoto wangu wakisema Kiswahili badala ya Kiarabu, watu wanacheka kama wameona nyani. Sirejei.

"Shemegi, nna bastola," nikamwambia.

Akacheka mpaka kahawa ikammwagikia kanzu. "Na mbuzi wa jirani ana pembe. Haya, ntarudi baada ya Idi. Ukipiga kopo kwa risasi mbele yangu, kaa. Ukikosa, usinililie."

Nilipige kopo, miye! Tangu asubuhi ile ya bunduki za mapinduzi Unguja, mlango ukibamizwa tu naruka.

Nikamwendea shoga yangu, jirani. Baba yake alikuwa fundi wa bunduki sokoni Matrah, na yeye kakua akichezea maganda ya risasi kama wenzake walivyochezea komwe. Mama yake kazaliwa Pemba, kwa hivyo Kiswahili chake kilikuwa kizuri na matusi yake mazuri zaidi.

Nyuma ya nyumba zetu palikuwa na bonde kavu linaloishia kwenye jabali. Wanaume walilenga shabaha pale siku za Idi, na mtaa mzima ukipaita shabahani. Siku nyingine hapana mtu. Tukaenda alasiri, bastola kikapuni chini ya nguo za kufua, tukaweka kopo tupu la samli juu ya jiwe. Yeye akapiga kwa bastola ya baba yake, hata uso hakukunja. Kopo likaruka. Tukalirudisha, nikapiga miye. Jabali zima likalia, kopo limekaa linanitazama.

"Unafumba macho," kasema.

"Sifumbi."

"Muongo weye. Lete."

Akanigeuzia mgongo, akaijaza, akanipa. Nikavuta. Kimya. Alitia ganda tupu, lisilo na baruti. Mlio haukutoka, lakini mkono wangu ulishainama na macho nilishayafumba. Nikajiona mwenyewe.

"Bastola haikufanya kitu," kasema. "Ni weye tu unayejitisha."

Basi ikawa hivyo kila alasiri, sijui lini ganda tupu, lini risasi nzima. Mkono uliobeba maji asubuhi unashika chuma alasiri. Siku nyingine namwambia, "Shoga, niache. Nipelekwe Ibra nikalale."

"Utalala? Kwa mama mkwe? Nyoosha mkono!"

Idi ikapita, shemegi akaja. Mwanangu mdogo alikuwa na homa, sikupata usingizi. Shemegi kaliweka kopo mwenyewe, mbali kuliko tulivyozoea.

"Ee baba," shoga yangu akamwita, "unaliweka kopo au unalipeleka Ibra?"

"Mwizi haji karibu kwa adabu," kasema, lakini akalisogeza.

Akanipa risasi tatu. Ya kwanza ikapiga vumbi. Ya pili ikapita juu. Shemegi akaanza kukung'uta kanzu ainuke. Nilichoka hata kuogopa nikashindwa. Nikanyoosha mkono, mlio sikuungoja, nikavuta. Kopo likaanguka nyuma ya jiwe.

Shoga yangu akapiga vigelegele mpaka mbuzi wakatawanyika. Shemegi kaenda kuliokota, katia kidole kwenye tundu.

"Ukingoni hapa," kasema.

"Kwani ukingo ni wa kopo gani?"

Akalitupa. "Kaeni," kasema, na jioni ile ile akashika njia yake.

Nilidhani ntafurahi. Nikakaa chini pale pale, bega linauma, nikaiona miaka inayokuja: kisima, kofia, watoto, na mume hajulikani anarudi lini.

"Shoga," nikamwambia, "sasa kesho maji nani atateka?"

"Si weye? Umepigania mwenyewe."

Nikamtukana. Halafu nikainuka, maana hata maji ya jioni ile yalikuwa bado.