Tenga la Kompyuta ya Dirishani

Juzi nilikuwa kwenye intaneti kafe moja mjini Morogoro, nikijifanya nasoma habari za dunia, kumbe nasubiri mvua ikatike. Akaingia mama muuza kabichi wa Mgeta, akaenda moja kwa moja kwenye kompyuta ya dirishani. Mwenye kafe alikuwa anaisafisha kwa programu.

“Shikamoo, mama. Ngoja kidogo, brauza, hii ya kufungulia kurasa, imekuwa nzito.”

“Marahaba. Humo usiguse, baba. Neno la siri aliliweka mwanangu kabla hajasafiri, mimi silijui. Ukilifuta, barua zake nitazisomea wapi?”

Mimi, mtu wa kupitapita viwanja vya ndege na kujiona najua, nikamfariji kwamba kusafisha ni kufuta, avumilie tu. Alinitazama kama kabichi yenye funza.

Mwenye kafe akamgeuzia kioo cha kompyuta. “Kwenye maneno ya siri sijaweka alama. Nimeweka hapa tu, pa kubana faili. Vilivyofutwa zamani vimeacha mapengo. Programu inavisogeza vilivyobaki, faili linapungua. Kilicho hai hakitoki.”

“Kumbe mnapanga tenga upya,” mama akasema. “Kabichi zilizooza zilishatoka, nzima zinasogezwa.”

“Hasa.”

Hata hivyo aliushika ukingo wa meza mpaka kazi ilipokwisha. Ukurasa ukafunguka bila kumuuliza neno la siri, na barua mpya ilikuwamo. Aliisoma kwa sauti, nasi wote tukasogea karibu kama mwanawe ametuandikia sisi.

Mvua ilikatika, sikuondoka. Nilikuwa nawaza kwamba hawa wanaosafisha viwanda vyetu siku hizi kwa kufukuza wafanyakazi ovyo wangepitia kwanza Mgeta, wakafundishwe kupanga tenga.