Chai ya Mke Wake

Nikiwa msichana pale Noonkopir, nilimpenda kijana wa Kimaasai aliyekuwa akipitisha ng'ombe wa babake nyuma ya shamba letu. Wazazi wangu, waliohamia kutoka Nyeri, hawakutaka hata kusikia. Nikaolewa na wa kwetu. Tuliishi vizuri, na alipofariki nilimlilia kwa dhati.

Mwaka jana nilienda soko la mbuzi Kajiado kutafuta mbuzi wa sherehe ya binti yangu. Mzee mmoja aliyeshika beberu kwa pembe akaniangalia, akaniangalia tena.

"Takwenya," akanisalimia.

"Iko," nikaitikia, kama alivyonifunza zamani nyuma ya shamba letu.

Tukaanza kupigiana simu. Mvua, ng'ombe, mgongo unaouma, basi. Nikawa nacheka peke yangu jikoni. Jumapili moja binti yangu akaweka filamu ya Kifaransa, ya watu waliopendana shuleni wakakutana tena wakiwa na mvi. Mwishowe mwanamke akapanda treni, akamwacha mwanamume stesheni.

"Mum, si angebaki tu!" binti yangu akalalamika. "Nani anamzuia?"

Nikasema naenda kuangalia sufuria. Hakukuwa na sufuria yoyote motoni.

Wiki iliyofuata mzee akanialika kwake. Alikuwa ameniambia ako na bibi, lakini kwangu huyo bibi alikuwa neno tu, hana sura. Nikamkuta mama mwembamba, mpole, aliyenipokea kwa mikono miwili na kunimiminia chai ya maziwa. Mumewe alipotoka kufungia ndama, mama huyo akasogea karibu nami.

"Dada, najua ni wewe. Niliambiwa habari yako nikiolewa. Tangu muonane, mzee anakula, analala. Mimi nimejaribu miaka hii yote nikashindwa. Tafadhali usiache kumpigia."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Matusi ningeyajibu. Nilishika kile kikombe mpaka chai ikapoa.

Mzee akanisindikiza hadi barabarani.

"Sasa tufanye nini?" akaniuliza.

"Sijui."

"Hata mimi sijui."

Simu yake bado inalia kila alasiri. Siku nyingine naishika, tunaongea juu ya nyasi. Siku nyingine naiacha ilie, nikiwaza yule mama ameketi hapo kando yake, akiomba nishike.