Siku Baba Alipolitukana Lori Lake

Asubuhi za kipupwe pale Mjimwema, Songea, zilianza na kikohozi, nacho hakikuwa cha mtu. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya mabati, nasi watoto tumejikunyata ndani ya blanketi moja, ndipo lori la baba lilipoanza kukohoa: mara ya kwanza, kimya, mara ya pili, kimya kirefu zaidi, kisha sauti ya baba akilibembeleza kama anayemwamsha mgonjwa. Harufu ya dizeli ilipenya chini ya mlango ikachanganyika na moshi wa kuni na harufu ya uji wa mahindi. Kabla ya hapo baba alikuwa ameshasukuma karai la makaa chini ya injini ili oili ipate joto, na mama ameshatoa birika la maji ya moto kwa ajili ya rejeta, huku akinung'unika kwamba katika nyumba hii lori linaoga maji ya moto kabla ya watoto. Injini ikikataa kabisa, majirani walitoka bila kuitwa. Mwalimu mmoja aliyehamia kutoka Bukoba alivua koti lake, akalitundika kwenye mparachichi wetu, akasukuma pamoja nasi mpaka kwenye mteremko. Hapo lori lilipiga chafya, likatoa wingu jeusi lililowafunika waliolisukuma, likaondoka. Tuliwahi shuleni tukiwa na nyuso kama za wachoma mkaa.

Baba yangu, Xaveri, alilinunua lori hilo likiwa tayari mzee, wakati chama cha ushirika kilipokuwa kinauza magari yake machakavu. Lilikuwa lori la Kiingereza, lenye pua ndefu na bodi ya mbao za mninga ambazo baba alizipiga randa kwa mikono yake. Kwa lori hilo alibeba mahindi ya Maposeni, dagaa wa Mbamba Bay, saruji, makabati ya maharusi na, Jumapili za sikukuu, kwaya nzima ya parokia. Lilitembea mpaka mita ya kilomita ikafika mwisho wake na kurudi kwenye sifuri zote. Siku hiyo baba alituita tutazame. "Mnaona?" alisema kwa furaha ya kweli. "Limezaliwa upya." Mama alichungulia zile sifuri, akamtazama baba, akasema kama ni hivyo basi yeye naye akimaliza miaka yake ataanza kunyonya. Kwenye paji la uso la lori paliandikwa SUBIRA YAVUTA. Neno HERI lilikosa nafasi, kwa kuwa mchoraji alianza na herufi kubwa mno. Watu wa mjini waliongeza herufi moja wakaliita Subira Yavutwa, na si kwa uonevu.

Mwaka ninaousimulia ulikuwa katika ile miaka ya ruksa. Zamani mahindi yalinunuliwa na ushirika peke yake, na mkulima alisubiri gari la ushirika kama anavyosubiri mvua. Sasa mwenye gunia na gari aliruhusiwa kununua na kuuza, na mitaa ya Songea ilijaa sura ngeni: wafanyabiashara wa kutoka Makambako, Iringa na hata Dar es Salaam, wakiwa na malori ya Kijapani yaliyotumika, yenye nyuso bapa na vioo vikubwa, yanayowaka kwa ufunguo tu. Kwa baba, kuwaka kwa ufunguo tu kulikuwa kama kukosa adabu. Alisema gari lisilokufahamu haliwezi kukufaa.

Msimu huo wa mavuno tulikwenda Maposeni kupakia. Nilikwenda naye kwa sababu shule zilikuwa zimefungwa, na kazi yangu ilikuwa kuweka jiwe nyuma ya tairi kila tuliposimama, maana breki ya mkono ilikuwa imekwisha kustaafu. Magunia yalipakiwa, wakulima wakatuaga, tukaanza kupanda kilima cha kwanza. Katikati ya kilima Subira ilitoa mlio kama wa sufuria iliyoanguka jikoni, ikanyamaza. Baba alifungua boneti, akaifunga, akaifungua tena. Kabla hajaamua la kufanya, lori la Kijapani lilitokea nyuma yetu, na mfanyabiashara mwenye mahindi, aliyekuwa ndani yake, akaagiza magunia yote yahamishiwe huko. Hakuwa mkali. Alimshika baba begani akasema, "Mzee Xaveri, sisi tunakupenda sana. Lakini mahindi hayasubiri." Baba alisaidia kuhamisha magunia kwa mikono yake mwenyewe. Lori lile lilipoondoka, dereva wake alitupungia mkono, na baba, kwa sababu ya malezi mazuri, akapunga naye. Sikuwahi kumwona mtu akipunga mkono kwa uchungu namna ile.

Subira ilirudi nyumbani kwa kuvutwa, na hapo ndipo vita vilipoanza. Dada yangu Osmunda alikuwa sekondari ya bweni, na riziki yetu yote ilitoka kwenye tairi zile. Msimu ukipita bila sisi kubeba mahindi, Osmunda angerudi nyumbani na begi lake, na kila mtu alijua hivyo. Mama alitaka lori liuzwe hata kwa wauza vyuma, na fedha hizo ziongezwe kwenye akiba yake ya biashara ya maharage ili tununue la Kijapani. Baba alitaka injini ifunguliwe na kutengenezwa upya. Waligombana kwa methali, kwa kuwa mbele ya watoto hawakupenda kutumia maneno mengine. Baba akisema usiache mbachao kwa msala upitao, mama alijibu kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Baba akisema kipya kinyemi ingawa kidonda, mama alihamia kwenye Kingoni, ambako sikuweza kuwafuata wote wawili kwa kasi yao. Waliyemwita awaamue alikuwa Fundi Kolumba, jirani yetu aliyelitibu lori hilo tangu zamani, lakini Kolumba alikuwa na tabia ya kukubaliana na aliyemlisha mwisho. Akila ugali kwa mama, lori lilikuwa limekufa na kinachobaki ni mazishi. Akinywa pombe na baba, lori lilihitaji ringi mpya na upendo.

Mwishowe mama alitafuta mnunuzi mwenyewe, kupitia wateja wake wa sokoni. Jumapili moja baada ya Misa alifika Mzee Mbaraka, mfanyabiashara wa tumbaku kutoka Namtumbo, mtu mnene, mpole, mwenye kofia nyeupe ya kufuma na fimbo ambayo hakuiegemea. Tulimwamkia shikamoo kwa zamu, akaitikia kila mmoja marahaba kana kwamba ndiye aliyemfuata. Alikunywa togwa, akaomba kuliona lori. Tulitoka wote uani. Mama alikuwa amelisugua tangu alfajiri ya jana yake, na Subira ilisimama pale iking'aa kama mjane aliyepakwa poda.

Kisha likatokea jambo ambalo mpaka leo nikilisimulia watu wanadhani naongeza chumvi. Mama, aliyelilaani lori hilo kwa lugha mbili, alianza kulisifu. Alipapasa mbao za bodi. "Mzee wangu, tazama mninga huu. Mvua imeupiga, jua limeupiga, haujapinda. Tazama chasisi, tulikuwa tunapakia saruji humu, haijawahi kulia. Springi zake ni za wazungu wa zamani, siku hizi hazitengenezwi. Mlango huu ukiufunga unasikia kabisa kwamba umefunga." Akaufunga tusikie.

Baba alisogea mbele ya boneti. Kila mara tulipomwambia lori lina kasoro, alituambia tuna masikio mabovu. Sasa aliona linaondoka, akafanya lililobaki kwa mtu mwenye mapenzi.

"Mzee Mbaraka," alisema, "mimi ni Mkristo, siwezi kukudanganya siku ya Jumapili. Injini hii ni mbovu."

"Xaveri!" alisema mama.

"Ni mbovu sana. Inakunywa oili kuliko walevi wa mtaa wa Lizaboni. Asubuhi haiwaki mpaka uite ukoo mzima. Pistoni zinagonga, nozeli zinavuja, moshi wake umewahi kusimamisha arusi. Kule Maposeni ilinifia kilimani, nikaaibika mbele ya watu. Tena nikuambie, si mara ya kwanza. Nimekuwa nikiwaficha hawa."

"Tulikuwa tunajua, baba," nilisema, kwa nia ya kumfariji.

Mzee Mbaraka alinigeukia. "Wewe binti, hebu sema. Hili lori linawaka?"

Baba na mama walinitazama kwa pamoja, na nikatambua kwamba jibu lolote lingeninyima chakula cha upande mmoja. "Linawaka, babu," nilisema. "Likiwa linateremka."

Mzee Mbaraka alicheka mpaka akaiegemea ile fimbo yake. Kisha aliinama chini ya chasisi na kugonga hapa na pale. Aliponyanyuka, Fundi Kolumba, aliyekuwa amesogea kwa harufu ya kuku jikoni, alitangaza kwamba bwana na bibi wamechanganyikiwa na mgeni asiwasikilize.

"Hapana," alisema Mzee Mbaraka. "Bwana ameitukana injini, mama ameisifu bodi. Hakuna aliyesema uongo hata mmoja. Nyie mngejua nilichokuja kutafuta!" Ndipo akatueleza. Alikuwa na lori la Kijapani, jipya jipya, ambalo dereva wake alilipindua kwenye korongo. Dereva alitoka salama, alhamdulillahi, lakini chasisi ilijikunja kama kambale kwenye mafuta. Kilichopona ni injini na giaboksi, navyo viko Namtumbo chini ya turubai vikitagiwa mayai na kuku. Alikuwa anatafuta lori zee, mwili mzima, ili auwekee moyo wake. Alikuwa amekusudia kununua tu na kuondoka. "Lakini mtu anayelia namna hii kwa ajili ya lori," alisema akimtazama baba, "huyo ndiye dereva ninayemhitaji. Yule wangu hakulilia hata kidogo."

Waliafikiana palepale juu ya ubia: injini yake, mwili wetu, baba kwenye usukani, mahindi ya Maposeni kwanza na tumbaku baadaye. Kolumba alishinda uani siku nyingi akikata, akichomelea na kutukana vipimo vya Wajapani, mpaka injini ikakaa. Asubuhi ya kwanza baba aligeuza ufunguo, na Subira ikawaka pale pale, bila makaa, bila birika, bila mwalimu wa Bukoba, ambaye alikuwa ameshatoka na kuvua koti. Baba alikaa ndani akiwa hajui afanye nini na mikono yake. Mama alisimama mlangoni na birika la maji ya moto, akatazama huku na huku, kisha akatuita watoto tukaoge.

Msimu ule tuliuwahi, Osmunda akabaki shuleni. Wazazi wangu hawakuacha kubishana, ila sasa walibishania aliyeshinda. Baba alisema lori lilitengenezwa, kama alivyotaka. Mama alisema lilibadilishwa, kama alivyotaka yeye. Wageni waliombwa watoe hukumu wakiwa bado hawajapewa chai. Baba alikwenda kaburini akisema lilitengenezwa, na siku ya arobaini mama, katikati ya kilio, alinong'ona kwamba pengine kweli lilitengenezwa, kisha akafuta machozi na kuongeza, "kwa kubadilishwa."

Mimi nilikuwa na gari dogo hapa mjini. Majuzi lilizima barabarani, nikalipeleka gereji, kijana akachomeka kifaa chenye kioo, akasoma tarakimu, akasema, "Mama, hii siyo ya kutengeneza, tafuta nyingine." Nilimpigia simu mume wangu aliyeko kazini Dodoma. Akasema sawa, uza, mimi nikasema sawa, na mazungumzo yakaisha kabla fundi hajamaliza kunawa mikono. Ulikuwa uamuzi wa busara, na jipya linatembea vizuri. Lakini jioni ile nilikaa nyumbani nikahisi tumefanya jambo kubwa kwa ukimya mno. Gari limetubebea watoto tangu wakiwa wachanga, likaondoka bila mtu yeyote kulitetea, bila mtu yeyote kulitukana. Nilimpigia mama kumweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayesogeza kiti karibu, "Na mwenzako hakukubishia? Hata kidogo?"

"Hata kidogo, mama."

Akasema, "Pole sana, mwanangu."