Siku Shemeji Alipokalia Kiti cha Spika

Saa tatu asubuhi, Jumamosi. Fundi wa kuchomelea vyuma amekaa kwenye kiti cha kinyozi, kitambaa cheupe kimefungwa shingoni. Nywele zake bado hazijaguswa, lakini serikali ameshainyoa upande mmoja.

"Barabara wamejenga, sikatai," anasema, kidole kikichungulia chini ya kitambaa. "Lakini sasa wanataka kuingia mpaka chumbani! Watu ndio nguvu ya nchi. Wao washughulike na ajira, kitanda changu wakiache."

Benchi linacheka, ila hakuna anayemjibu. Si kwamba hoja hawana. Mwalimu mstaafu aliyekaa pembeni anatetemeka kwa hoja. Lakini humu ndani sheria ni moja: aliyevaa kitambaa ndiye mwenye neno. Kitambaa kikikung'utwa, muda umekwisha, hata kama sentensi imefika katikati.

Mtunga sheria ni kinyozi mwenyewe, mwanamume mwembamba wa miaka arobaini na kitu, ambaye wateja wanamwita Spika. Aliitunga baada ya ubishi wa uchaguzi fulani, mteja alipogeuka ghafla kumjibu mwenzake, akaondoka na sharubu za upande mmoja.

"Yule bwana alikuwa na harusi jioni," anakumbuka Spika. "Ya kwake."

Chumba chenyewe ni kidogo: kioo chenye ufa, feni inayozunguka ikijisikia, redio, na benchi la watu wanne linalobeba saba. Kazi hii inalipa kodi ya chumba na ada za mabinti zake watatu. Miezi mingine inalipa kimoja, kingine kinaombewa subira.

Wiki hii mada ni sera mpya ya idadi ya watu, inayowataka wazazi wapunguze watoto. Redio imeitangaza, na benchi limeipokea kama mechi ya fainali.

Zamu ya Mwalimu inafika. Anakaa, anafungwa kitambaa, anakohoa. "Madarasa ni yaleyale na watoto wanakaa chini. Kwa hili serikali imesema kweli, japokuwa yenyewe ndiyo ili—"

Kitambaa kinakung'utwa. Mwalimu ana upara.

"Spika, huu ni uonevu! Wenye nywele wanahutubia, sisi tunasalimia tu!"

"Fuga ndevu, Mwalimu."

Spika mwenyewe hachangii mada. Anasema mwenye wembe mkononi hafai kuwa na upande. Hata hivyo, benchi zima linajua anachokitaka: mtoto wa nne. Alilelewa peke yake na shangazi yake, katika nyumba iliyokuwa kimya mno. "Hata ugomvi nilikuwa nauanzisha na paka," anasema. Mkewe hataki, na kila akijaribu kueleza sababu, mume anakuwa ameshakumbuka kuwa kuna mteja anamsubiri.

Ndipo mlango unapofunguliwa, na mkewe anaingia.

Ni fundi cherehani. Kitambaa cheupe kinachogawa zamu humu ndani alikishona yeye, lakini hajawahi kukivaa. Nywele zake hazijaguswa na mkasi tangu aolewe, na mumewe huwasimulia wateja habari za nywele hizo utadhani alizipanda mwenyewe. Leo amezifumua zote.

"Shemeji, umemfuata mzee?" anauliza fundi wa kuchomelea.

"Nimekuja kunyolewa. Zote."

Spika anacheka. Kisha anamtazama vizuri, kicheko kinakatika. "Mama watoto, si tuongee nyumbani?"

"Nyumbani hakuna kitambaa."

Mwalimu anasimama kumpisha. "Jamani," ananong'ona, "hizo nywele ni hotuba ya bajeti nzima!"

Mashine inawashwa. Mwanamke anazungumza akitazama kioo, bila kupandisha sauti.

"Nimewasikia nikiwa mlangoni: Fundi anaisema serikali, Mwalimu anaisifia. Wote mna haki. Uchungu wa huyu wa mwisho uliponishika, barabara yao mpya ilinifikisha hospitali upesi. Asante yao. Nilipofika, damu ya kuniongezea haikuwepo. Hiyo nayo ni yao."

Fungu la nywele linaanguka sakafuni.

"Kabla dada yangu hajatolewa damu, niliwasikia wauguzi wakinizungumzia kama mtu aliyeshaondoka. Nikawa nayataja majina ya wanangu kimoyomoyo, nisije nikayasahau huko niendako."

Mkono wa Spika unasimama. Yeye aliambiwa tu kwamba mama na mtoto wako salama. Hili hakuwahi kulisikia.

"Serikali inasema punguza. Fundi anasema jaza nchi. Mume wangu anasema mmoja tu, wa mwisho. Katika nyinyi wote, nani aliniuliza mimi?"

Fundi, ambaye kunyamaza kwake ni ugonjwa, ameshika kofia kwa mikono miwili. Mwanamke anaendelea: hofu inayomwamsha, tumbo lililoshonwa, binti mkubwa aliyezoea kumchungulia akilala kuona kama anapumua.

Mwalimu ndiye anayegundua kwanza, kwa kuwa upara anaujua. Kichwa cha shemeji kimeshakwisha kunyolewa. Mashine imezimwa. Spika anaipitisha tu, polepole, mahali pasipo na unywele hata mmoja, ili kitambaa kisikung'utwe.

"Nimemaliza," mkewe anasema hatimaye.

Spika hakikung'uti. Anakifungua, anajifunga mwenyewe shingoni, na kwa mara ya kwanza anakaa kwenye kiti chake. Mkewe anachukua mashine.

"Nilidhani nakusikia kwa sababu tunalala chumba kimoja," anasema Spika. "Watatu wanatosha, mke wangu. Na wewe nakutaka hai."

Fundi anataka kupiga makofi, anakumbuka hana kitambaa, anaahirisha.

Mchana, Spika anapima nafasi karibu na dirisha. Anataka kuongeza kiti cha pili, wanawake wawe na zamu yao. Fundi ameahidi kuchomelea miguu ya kiti hicho. Mwalimu anaunga mkono kwa sharti moja: wenye upara waongezewe muda.

Spika anamgeukia mkewe. Naye anajipapasa kichwa kipya, taratibu, kama anayejaribu kofia dukani.

"Mpeni," anasema. "Sasa na mimi ni wa chama chake."