Suti ya Mwenyekiti Ilipanda Gari

Kamati iliundwa kabla baiskeli hazijapatikana. Ndivyo tunavyofanya mambo sisi watu wa Kiswahili tulioko Johannesburg: mtu akifa, kamati, akioa, kamati, akitaka kurudi kwao na kuona aibu kusema, kamati ya kumsindikiza. Safari yetu ya kwenda Durban kwa baiskeli ilikuwa ya watu watatu, na wote watatu tulikuwa viongozi. Mwenyekiti alikuwa fundi cherehani, Mkongo wa Lubumbashi, ambaye chumba chake cha kushonea kiko Kensington, ukuta kwa ukuta na kibanda ninachochongea funguo. Katibu alikuwa Mkenya anayelinda ghala kubwa huko Midrand, mtu ambaye hata akienda msalani huaga kama anayekabidhi lindo. Mimi nilipewa uweka hazina kwa kuwa ndicho cheo kilichobaki. Mwanachama wa kawaida hatukuwa naye, na baadaye, kwenye milima, tulimhitaji sana, maana hapakuwa na wa kutumwa maji.

Chanzo cha yote ni binti wa fundi. Kazaliwa hapa hapa, anafanya kazi kwenye maabara ya hospitali Durban. Kiswahili anakielewa chote, lakini hujibu kwa Kiingereza, na akikasirika huhamia Kizulu. Alipata mchumba, kijana mpole wa huko huko, akamtangazia baba yake kwamba watafunga ndoa ofisini mbele ya mashahidi wawili, kisha watakula chakula cha mchana, basi.

Fundi aliposikia hilo "basi" alikaa chini. Miaka yote amewashonea mabinti wa watu magauni, wajomba zao suti, na kamati zao sare. Akilini mwake harusi ya binti yake ilikuwa imeshashonwa zamani, imebaki kupigwa pasi tu. Kanisani kwake, katika jengo la katikati ya mji ambalo zamani lilikuwa benki, waumini walikuwa wamekwisha kugawana kamati ndogo: ya chakula, ya mapambo, ya usafiri, na nyingine ya kuzisimamia hizo.

Walibishana kwa simu wiki nyingi, na mimi niliyasikia yote kwa sababu fundi huongea huku anashona, simu imelala juu ya meza, spika imewashwa. Siku moja akasema yuko tayari kwenda Durban kwa miguu kuiokoa harusi ile. Binti akamwambia kwamba yeye hawezi kufika hata kwenye robot ya pili, yaani taa za pili za barabarani, bila kuomba lifti. Fundi akajibu kwamba ana baiskeli. Hakuwa nayo.

Sauti ya binti ikatoka pale mezani, taratibu.

"Sawa, Papa. Ukifika kwangu kwa baiskeli, bila injini yoyote kukubeba hata hatua moja, nitaolewa kanisani kwako na kamati zako zote. Kusukuma ruksa. Ukibebwa, ni mashahidi wawili, na wewe si mmoja wao. Na atakayenipa ripoti ni malume."

Malume ni mjomba kwa Kizulu, na aliyeitwa hivyo ni mimi. Nadhani alinichagua kwa sababu sina kanisa wala bosi wa kunifanya niseme uongo. Niliacha shule kidato cha pili kwa kuchoka kukaa, na tangu hapo nimeshindwa kukaa popote; mtu wa namna hiyo hana cha kutetea.

Basi kamati ikaanza kazi. Kikao cha kwanza kilijadili sare. Fundi alitushonea mashati ya kitenge kimoja na suruali zenye mkunjo wa pasi, kwa hoja kwamba hawezi kuonekana kwenye barabara kuu ya nchi ya watu amevaa nguo ya ndani kama wale waendesha baiskeli wa Jumapili. Juu ya sare katibu alivaa kizibao chake cha kazini chenye mistari inayong'aa. Baiskeli zilijadiliwa kwenye kikao cha mwisho, tukazipata za mitumba mjini. Ya fundi ilikuwa na kikapu cha mbele, na kengele iliyolia yenyewe kila tuta.

Lakini jambo kubwa lilikuwa suti. Ilikuwa ya vipande vitatu, rangi ya maziwa, suti ya baba wa bibi harusi, na fundi alikataa kuikunja. Aliifunga wima kwenye mti aliousimamisha nyuma ya kiti cha baiskeli, ikining'inia kwenye henga ndani ya mfuko wake wa plastiki, mabega yamekaa sawa. Ukimwona kwa mbali ungesema amempakia mtu wa nne, asiye na kichwa.

Tuliondoka mwezi wa Desemba, kiangazi cha huku, baada ya sala iliyokuwa ndefu kuliko mwendo wetu wa siku ya kwanza. Barabara kuu baiskeli haziruhusiwi, kwa hiyo tulifuata ile ya zamani inayopita pembeni yake. Karibu na Heidelberg tulipitwa na kundi la watu wa baiskeli za maana, miili imebanwa na mpira wa rangi, vichwani kofia kama mbegu za maboga. Walipunguza mwendo kwa upole wakatuuliza tunaendesha kwa ajili ya ugonjwa gani. Niliwadadisi nikagundua kwamba wao hawasafiri hivi hivi. Kila kundi lina ugonjwa wake linaoupinga. Fundi aliwaambia sisi tunaendesha kwa ajili ya harusi. Walitupa pole, wakatuachia ndizi.

Kwenye jimbo la Free State watu walituuliza maswali mengine. Kwenye spaza moja, kiduka cha bati pembezoni mwa mji mdogo, bibi mmoja wa Kisotho alituangalia, akaiangalia suti, akauliza kama ni kweli serikali sasa inawarudisha wageni makwao kwa baiskeli. Katibu akamhakikishia kwamba karatasi zetu ziko sawa. Bibi hakusikiliza karatasi. Alisema kwetu ni kaskazini na sisi tunaelekea kusini, kwa hiyo aliyetufukuza ametuonyesha njia mbaya, na akatoka nje kutuelekeza.

Mimi ndiye niliyeichelewesha safari, hilo wenzangu wanalisema hadi leo. Nikiona mashine ya upepo inavuta maji shambani, nashuka kuuliza inavutaje. Nikiona mtu anachinja kondoo, nauliza kwa nini ameanza na mguu ule. Katibu alipendekeza kikao cha nidhamu. Kilifanyika juu ya daraja, mwenyekiti akiwa amelala chali, viatu chini ya kichwa, na kikaahirishwa kwa kuwa mshitakiwa alikuwa ameshuka mtoni kuangalia kaa.

Kila jioni nilimpigia binti. Kila jioni aliuliza swali moja tu, kama Papa amebebwa, nami nilimjibu hapana. Nilimsikia anavyozidi kushangaa. Alikuwa ameshahesabu kwamba tutashindwa mapema.

Na tulikaribia kushindwa baada ya Harrismith, kabla ya kufika Van Reenen, pale barabara inapopanda kwenda kwenye ukingo ambako nchi ya juu inakwisha na KwaZulu-Natal inaanza chini yake. Ni majani matupu pale, hakuna mti wala ukuta. Mchana mbingu ziligeuka rangi ya jeraha, na mvua ya mawe ikatushukia. Mawe yalikuwa makubwa ya kutosha kumfanya katibu aache kuongea. Fundi alitoa sufuria yetu kwenye kikapu akaivaa kichwani. Kisha akaishusha suti, akaiinamia kama mama aliyefunika mtoto.

Ndipo ikasimama bakkie, pikapu kuukuu yenye turubai nyuma, na ndani mzee mmoja Mzungu, mkulima wa pale, na mbwa wake. Akafungua mlango akatuamuru tupande. Fundi akamshukuru akasema hapandi. Mzee akadhani ni lugha, akarudia kwa ishara. Fundi akakataa kwa ishara. Mzee akasema yeye ni Mkristo na hawezi kuacha watu wapigwe na mawe kando ya shamba lake, majirani watasema nini. Nikamweleza habari ya binti na ahadi. Akafikiri kidogo, huku maji yakimwingia dirishani, akasema yeye ana mabinti wanne na anaelewa, lakini hiyo nguo ya watu jamani inaharibika.

Hapo fundi aliinua kichwa. Mfuko wa plastiki ulikuwa umeshatoboka mahali pawili.

"Katibu," akasema toka chini ya sufuria, "itisha kikao."

Nimewahi kuona vikao vya ajabu, lakini kile ni cha peke yake. Hoja ilikuwa hii: suti ya mwenyekiti ni sehemu ya mwenyekiti, au si sehemu yake? Katibu alisema ni sehemu yake, kwa sababu mlinzi akikamatwa bila sare amekamatwa hayuko kazini. Mimi nikasema binti alikataza mtu kubebwa, hakutaja mzigo. Katibu akasema mzigo una mabega. Mkulima, ambaye hakuelewa hata neno, alikuwa akimtazama kila msemaji kwa zamu, na mbwa wake vile vile.

"Suti haiko mwenyekiti," fundi akaamua. "Suti iko suti. Ipande."

Ikapanda. Ilikaa mbele, na mbwa akahamishiwa nyuma. Katibu naye akakumbuka kwamba mali haiwezi kusafiri bila ulinzi, na kwamba ahadi ya fundi haikumfunga yeye, akatupia baiskeli yake nyuma kwa mbwa, akaingia upande wa pili wa suti na kufunga mlango kabla hoja hiyo haijapigiwa kura. Wakaondoka, wakatuahidi kutusubiri kwenye kituo cha mafuta huko juu.

Tukabaki wawili, tunasukuma. Mawe yalikuwa yakigonga ile sufuria hadi sikuweza kusikia vizuri, kwa hiyo alilazimika kusema kwa sauti jambo ambalo mtu angelisema kwa kunong'ona.

"Ndugu yangu, kamati iko kelele tu. Mi naogopa mutoto ataolewa na mi sipo kwenye picha."

Niliinamia usukani wangu. Alikuwa anasukuma kwa nguvu, uso umeangalia chini, na sikutaka agundue kwamba nimesikia.

Kule juu tulimkuta katibu anakunywa chai. Suti ilikuwa imetundikwa nyuma ya kaunta, na wafanyakazi wa kituo walikuwa wakiisogelea mmoja mmoja kuutazama mshono wa kola. Jioni ile nilipopiga simu, binti aliuliza swali lake.

"Papa hajabebwa," nikamwambia. "Suti imebebwa."

Nikamsimulia kikao. Akauliza katibu alikuwa wapi, nikasema alipanda kuilinda suti. Alicheka mpaka nikaisogeza simu mbali na sikio. Alipotulia akauliza Papa alifanya nini muda wote ule. Nikasema alitembea, amevaa sufuria. Nikamwambia na maneno aliyoyasema chini ya sufuria, kwa sababu aliniagiza ripoti na mimi sijui ripoti nusu. Safari hii hakucheka. Alisema "eish", ule mguno wa watu wa huku, taratibu sana, akakata simu.

Toka Van Reenen kwenda chini sina la kujisifia, ni mteremko uliofanya kazi. Baada ya Pietermaritzburg vilianza vilima vya aina nyingine, vifupi na vyenye kinyongo, na joto la kuchemsha. Fundi hakulalamika tena, wala hakuitisha kikao. Katibu aliitisha viwili, hakuna aliyehudhuria.

Kwenye kituo cha mafuta cha mwisho kabla ya mji fundi aliingia chooni na suti. Alitoka amevaa vipande vyote vitatu, rangi ya maziwa toka juu hadi chini, alama mbili ndogo za maji begani. Alichomeka miguu ya suruali ndani ya soksi ili mnyororo usiile, akapanda baiskeli, akatutangulia. Kwenye robot madereva wa teksi walimpigia honi kwa heshima. Mmoja akamwambia "sharp, baba", yaani safi, na fundi akainamisha kichwa kidogo, kama rais.

Binti alikuwa amesimama nje ya nyumba anayopanga, mchumba wake kando, mikono ya kijana haijui pa kukaa. Fundi alifunga breki, akashuka, akatoa suruali kwenye soksi, mguu mmoja, kisha wa pili, akajikung'uta. Hawakukumbatiana mara moja. Binti aligusa zile alama za begani kwa kidole.

"Umeshinda, Papa," akasema, na alisema kwa Kiswahili, Kiswahili cha baba yake, ambacho sikuwahi kumsikia akikitumia. "Haya. Kamati iko na watu wangapi?"

Tulijua jibu. Kule Johannesburg, ndani ya ile benki, kulikuwa na kamati za kutosha kuendesha jimbo. Katibu alikuwa ameshashika simu, tayari kuwatangazia. Fundi alituangalia sisi wawili, jasho na vitenge, akamwangalia yule kijana, akarudi kwa binti yake.

"Watatu," akasema. "Mi na hawa tu."

"Hawa waliokaa kwenye mvua ya mawe wakijadili suti?"

"Hao hao."

Binti alifikiri. "Basi mwenyekiti ni mimi."

Fundi amekuwa mwenyekiti wa misiba na harusi za watu tangu nimfahamu, na nadhani hata usingizini huota amekalia kiti cha mbele. Alivuta kizibao cha suti yake kikae sawa tumboni, akamgeukia katibu, akauliza kama akidi imetimia.

Katibu alirudisha simu mfukoni, akasimama wima kama yuko lindoni.

"Imetimia, Mwenyekiti," akasema, na alikuwa akimtazama binti.